Shajara ya gumzo: Kiitaliano kwa kuandikiana, Malindi

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Leo tumeanza. Wanafunzi saba katika chumba cha nyuma cha duka la fotokopi hapa Barani, kila mmoja na simu yake, na huko Italia watu saba wanaojifunza Kiswahili. Tutakutana kila Jumatatu na Alhamisi saa mbili usiku, nusu saa kwa Kiitaliano na nusu saa kwa Kiswahili. Ni kuandikiana tu. Hakuna kupigiana simu, hakuna kutumiana sauti.

Nimeulizwa mara tatu leo kwa nini maandishi, kwa hiyo naiweka sababu hapa. Malindi hatuna shida ya kukisikia Kiitaliano. Waitaliano walikuja na San Marco, kituo cha kurushia setilaiti kule Ngomeni, ambacho setilaiti yake ya kwanza ilirushwa 1967, kisha zikafuata hoteli, mikahawa na majumba ya Casuarina. Mtoto wa Shella yetu hapa aweza kuuza kikoi kwa Kiitaliano kabla hajamaliza shule ya msingi. Lakini ni Kiitaliano cha bichi, ambacho kila kitenzi kimevaa "ku-" yake na hakiivui: "io andare", "tu comprare", "domani io venire". Mimi kwenda, wewe kununua, kesho mimi kuja. Mgeni ameelewa, amenunua, ameondoka, na kwa kuwa ameelewa hana haja ya kumsahihisha mtu. Miaka ishirini inapita mtu yuko pale pale.

Nimekaa mapokezi ya hoteli miaka tisa. Nimeona watu wenye akili zao, wanaozungumza na wageni kutwa nzima, wakikosa kazi kwa sababu ya barua pepe ya mistari minne. Hilo limeniuma muda mrefu, na ndilo lililonileta katika chumba hiki.

Jambo la kurekebisha mara moja: saa. Mmoja aliandikiwa "alle sette", akaandika daftarini saa saba. Mwingine alimwambia mwenzake "saa mbili", na yule akawasha simu saa mbili za kwao, mchana, akangoja peke yake. Nimebandika ukutani karatasi yenye saa zetu upande mmoja na zao upande wa pili.

Alhamisi, 5 Septemba

Nanukuu kipande cha gumzo la bwana wa tuktuk. Mwenzake ni mama mmoja wa Bergamo, muuguzi mstaafu, ambaye amekuwa akija Malindi miaka mingi.

Yeye: "Ieri io andare Ngomeni."
Mama: "Ah, ieri sei andato a Ngomeni! E cosa hai fatto?"
Yeye: "Sì, sei andato Ngomeni. Comprare pesce."

Nimeisoma mara kadhaa. Bwana wa tuktuk alitaka kusema jana alikwenda Ngomeni. Mama akafanya analofanya kila mtu mwenye huruma anapozungumza na mgeni wa lugha yake: akalirudisha lile neno likiwa limenyooka, bila kukemea, halafu akauliza swali ili mazungumzo yaendelee. "Sei andato" ni "ulikwenda". Mwanafunzi wangu akaliona, akalipenda, akalichukua zima zima. Kwa hiyo amemjibu mama, "Ndiyo, ulikwenda Ngomeni."

Kwa mdomo, kosa hili lingekwenda na upepo. Mimi nisingelisikia, yeye asingelijua, na mama angetabasamu tu. Sasa liko hapa mbele yangu, na saa yake pembeni.

Ijumaa, 6 Septemba

Tuko katika duka la fotokopi, basi tutumie mashine. Nimechapisha gumzo la kila mmoja, nikawapa kalamu nyekundu na kuwaambia watafute mahali ambapo mwenzao amesema jambo lile lile walilosema wao, lakini kwa namna nyingine. Sikuwaonyesha kosa hata moja.

Bwana wa tuktuk alikaa na karatasi yake kama robo saa. Kisha akaweka kidole juu ya "sei".

"Mwalimu, hii sei si sita?"

Nikamwambia ni sita, na pia ni "wewe u", ya kumwambia mtu. Mtu akijisema mwenyewe ni "sono". Hakusema kitu. Alirudi juu kwenye ukurasa, akaifuata kwa kidole mistari ya mama mmoja baada ya mwingine, akatia duara jekundu kwenye kila "sei" aliyoikuta. Zilikuwa nne. Miaka yote ya kubeba wageni amekuwa akiulizwa maswali yenye "sei" ndani yake, na hakuwahi kuiona.

Kuna mtaalamu wa Marekani, Richard Schmidt, aliyejifunza Kireno akiwa Brazil na kuandika shajara ya kila alichosikia na kila alichosema. Aliporudi kwenye kurasa zile akaona kuwa maneno yalikuwa yakipita masikioni mwake siku nyingi bila kuingia, mpaka siku alipoyatambua ndipo alipoanza kuyatumia. Mwaka 1990 alijenga hoja kubwa juu ya jambo hilo. Leo nimeliona likitokea kwenye karatasi ya fotokopi.

Kuanzia sasa siku ya pili baada ya kila gumzo ni siku ya kurudi juu. Naanza kuamini kuwa hiyo ndiyo siku ya somo lenyewe.

Alhamisi, 12 Septemba

Dada mshonaji, ambaye darasani sijawahi kumsikia akimaliza sentensi, ameandika leo ukurasa mzima na nusu. Nimepima karatasi yake na ya kijana wa mkahawani, msemaji wetu mkubwa, na zinakaribia kulingana.

Haya yaliwahi kuonekana kwingine. Richard Kern, akifundisha Kifaransa kule Berkeley, alieleza mwaka 1995 kuwa wanafunzi walipojadiliana kwa kuandikiana kwenye kompyuta walishika zamu za kusema zaidi ya mara mbili kuliko katika mjadala wa mdomo. Mwaka uliofuata Mark Warschauer aliona wanafunzi wa Kiingereza wakigawana mazungumzo kwa usawa zaidi walipoandika, na wanyamavu wakatoka mafichoni. Lakini kulisoma jambo si sawa na kumtazama dada huyu akiinamia simu, akifuta, akiandika tena, bila mtu kumkatiza.

Nilimuuliza anaonaje. Akasema, "Hapa hakuna anayeningojea kwa macho."

Jumatatu, 16 Septemba

Vifupisho vimetushambulia pande zote mbili.

Kijana wa mkahawani mwenzake ni binti mwanachuo wa Bologna. Alichelewa kujibu, akapata ujumbe: "dove 6? xké nn rispondi?" Akanitazama, akaitazama simu. Alielewa "dove", wapi. Wapi sita? Akadhani anaulizwa meza namba sita, kwa kuwa amezoea meza. Bwana wa tuktuk akanyoosha shingo, akasoma, akapiga meza kwa kiganja: "Ni sei! Ni ile sei! Uko wapi!" Chumba kizima kikamgeukia. Sikuongeza neno.

Yaliyobaki niliwaeleza mimi. Waitaliano wanapoandikiana haraka hutumia x kwa "per", kwa sababu alama ya kuzidisha wao huisoma "per". Basi "xké" ni "perché", mbona, na "nn" ni "non".

Nusu saa ya Kiswahili ilipofika, kijana naye akaandika "xaxa mbona 2mekaa kimya, cjui". Mwanachuo akajitahidi kuisoma kwa hesabu yake: "per-a-per-a?" Hakuna kamusi itakayomwambia kuwa kwetu x ni s, na kwamba 2 inasomwa kwa Kiingereza ndani ya neno la Kiswahili.

Nimeamua kwamba kwa mwezi wa kwanza kila upande uandike maneno kamili, na vifupisho viwe na karatasi yao ukutani, karibu na ile ya saa. Sivipigi marufuku daima, maana huko nje watakutana navyo kila siku. Ila mtu anayejifunza kutambaa usimpe baiskeli.

Jumatatu, 23 Septemba

"E" ni "na". "È" ni "ni". Wanafunzi watano kati ya saba walikuwa hawajui kwamba ukishikilia herufi e kwenye kibodi bila kuachia, e nyingine zenye alama zinajitokeza juu yake. Dakika kumi za kushikilia herufi, na sentensi zao zimepata mgongo.

Alhamisi, 3 Oktoba

Kijana wa mkahawani ameandika leo Kiitaliano cha wakili: "Potrebbe cortesemente indicarmi…" Mwanachuo akamjibu, "Ma perché mi dai del Lei?" Mbona unaniheshimu kama mtu baki? Wiki tano wameitana "tu" kama marika, na ghafla anaandikiwa kwa "Lei", ya mkubwa au ya mtu usiyemjua. Binti alidhani amemkosea.

Kijana alikuwa amefungua programu ya kutafsiri, akaandika Kiswahili, akanakili kilichotoka. Nilimwita pembeni tukazungumza taratibu. Hakufanya uvivu. Alikuwa na jambo zuri la kusema, mwaliko wa Desemba, na hakutaka kuliharibu kwa makosa. Nikamwambia kwamba ule muda wa kukwama, kidole kikiwa juu ya kibodi na neno halipatikani, ndio muda anaojifunza. Merrill Swain aliwachunguza watoto wa Kanada waliosomeshwa kwa Kifaransa miaka na miaka. Walikielewa vizuri sana, lakini kukisema na kukiandika bado kulichechemea, na mwaka 1985 alieleza kwamba kusikia peke yake hakutoshi, mtu asukumwe atoe lugha yake mwenyewe. Ni habari yetu sisi wa bichi.

Utaratibu mpya: kwanza andika kwa maneno uliyo nayo. Ukikwama, muulize mwenzako "come si dice…?" na ueleze neno kwa kulizunguka. Programu ifunguliwe siku ya kurudi juu, kwa kulinganisha.

Alimwandikia tena binti kwa Kiitaliano chake chenye mapengo, na akaeleweka.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimekuwa nikiandika sana juu ya nusu ya kwanza na kuisahau ya pili. Leo nusu ya Kiswahili imenifundisha mimi.

Kwanza, mama wa Bergamo alimwandikia kijana mdogo wetu kuliko wote, wa miaka kumi na tisa, "Shikamoo!" Amelichukua neno kama salamu tu, kama "ciao". Kijana aliona haya hata akaiweka simu mezani. Kuitikia "marahaba" kwa mtu wa umri wa bibi yake ni jambo ambalo vidole vyake havikukubali. Mwishowe aliandika: "Bibi, hapana, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo bibi." Halafu akaeleza, kwa Kiswahili chepesi kabisa, nani humwamkia nani. Mama akajibu "Marahaba mjukuu wangu", na neno "mjukuu" sijui alilitoa wapi. Kijana aliipiga picha skrini.

Pili, mwanachuo aliuliza kwa nini kitabuni ameona "kiti kikubwa" lakini "kiboko mkubwa". Wote saba wakanyamaza. Wamesema hivyo tangu kuzaliwa, na hakuna aliyewahi kuulizwa. Dada mshonaji ndiye aliyeanza kuandika. Viboko wa mdomo wa mto Sabaki wana uhai, akasema, basi tunawapa "m-" na "wa-" kama watu: kiboko mkubwa, viboko wakubwa. Lakini kiboko cha kuchapia ni kitu, hicho ni kiboko kikubwa. Kisha akamalizia kwa Kiitaliano chake mwenyewe kwamba wao wana "il" na "la", sisi tunazo zaidi.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote alizowahi kuandika kwa Kiitaliano, na aliiandika nje ya nusu saa ya Kiitaliano, akiwa mwalimu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Stima ilipotea saa moja na nusu, ikarudi saa nne. Wanne waliendelea kwa bando zao na chaji iliyobaki, watatu wakakaa gizani wakisimuliana kwa Kiitaliano. Sikuwazuia.

Jumatatu, 28 Oktoba

Tulikaa saa nzima tukitazama skrini tupu. Jana, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Italia ilirudisha saa nyuma. Sisi hatubadili saa, basi tofauti ya saa moja imekuwa mbili. Saa moja jioni yao sasa ni saa tatu usiku wetu. Nilipaswa kulijua, nimefanya kazi na ratiba za ndege zao miaka tisa. Dada mshonaji ana mtoto mchanga na saa tatu hawezi. Nimewaandikia wa Italia, wamekubali kuanza saa kumi na mbili jioni ya kwao. Mama wa Bergamo amesema atapika mapema.

Alhamisi, 7 Novemba

Tatizo ambalo sikulitarajia: maneno kupishana njiani. Kijana wetu mdogo aliulizwa "Ti piace la pizza?" Akawa anaandika jibu lake polepole. Mwenzake, akiona kimya, akaongeza swali: "Sei sposato?" Hapo jibu la kijana likafika: "Sì, molto!" Likakaa chini ya swali la pili, kana kwamba ameoa, na ameoa sana.

Katika kuandikiana, jibu laweza kuangukia swali lisilo lake, na hata masahihisho ya upole kama yale ya mama hupotea yakizikwa na mistari mitatu ya habari nyingine. Nilikuwa nikiyasifia maandishi kwamba hayapotei. Hayapotei, lakini yanafukiwa. Dawa ni mbili. Kushikilia ujumbe unaoujibu ili jibu lako liambatane nao, na kungoja pale simu inapoonyesha kuwa mwenzako bado anaandika. Ya pili ni adabu kuliko ufundi, na wamekubaliana nayo pande zote.

Jumatatu, 18 Novemba

Sasa upande ambao gumzo haligusi. Kiitaliano hubeba konsonanti mbili kwa uzito wake: "sete" ni kiu, "sette" ni saba, "nono" ni wa tisa, "nonno" ni babu. Masikio yetu hayajazoea kuzitenga. Kwenye maandishi wanafunzi wamezijua, kwa macho. Leo nimewaomba wasome kurasa zao kwa sauti, na "ho sete" ikatoka "ho sette", nina saba, kwa watu sita kati ya saba.

Sikati tamaa. Mwaka 2002 Scott Payne na Paul Whitney walionyesha kuwa wanafunzi wa Kihispania waliotumia sehemu ya masomo yao kuandikiana papo kwa papo waliendelea katika kuzungumza kuliko wenzao waliokaa darasani tu. Nadhani naona kwa nini: sentensi ya gumzo hutungwa kama ya mdomoni, kwa haraka na kwa mtu anayengoja, ila kuna pumzi ya ziada. Lakini sauti yenyewe haiji na kidole. Siku ya kurudi juu sasa ina dakika kumi na tano za kusoma kwa nguvu, wawili wawili, mmoja akisoma upande wake na mwingine akisoma upande wa Mwitaliano. Wanaipenda. Chumba kinakuwa kama sokoni.

Alhamisi, 5 Desemba

Barua pepe za majaribio. Niliwapa hali moja: mgeni ameandika kuomba chumba cha usiku tatu na gari kutoka uwanja wa ndege. Wajibu bila programu, kwa nusu saa. Nimezisoma usiku huu wote. Tano naweza kuzipeleka mapokezi ya hoteli yoyote mjini hapa baada ya kugusa neno moja mawili. Mbili bado, na moja kati ya hizo ni ya kijana wa mkahawani, ambaye kwa mdomo anawashinda wote. Nitakaa naye Januari.

Ya dada mshonaji sikuigusa.

Jumatatu, 9 Desemba

Mama wa Bergamo amefika leo. Bwana wa tuktuk alikuwa ameahidi kwenda kumpokea uwanjani mwenyewe, na tangu Alhamisi amekuwa akiiosha tuktuk. Nilikwenda naye, nimekaa nyuma. Kaskazi imeanza na lami ilikuwa inawaka jua.

Tulifika kabla abiria hawajatoka. Simu yake ikalia. Ujumbe: "Dove sei?"

Alizima injini kwanza. Akaandika herufi tatu, nikaziona kwa juu ya bega lake: "Sei". Akasimama. Kidole kikabaki hewani. Akazifuta moja moja, akaandika upya, akaisoma kwa midomo bila sauti, ndipo akatuma:

"Sono qui. Sono arrivato."